Koko na Maji Yasiyotembea

Jumamosi moja ya hivi karibuni nilitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, kwenda Lilongwe. Ndugu zetu wa kanisa walioko mtaa wa Area 25 walikuwa wamemaliza kujenga birika la ubatizo, wakataka wazee wachache waje kuliombea. Sisi huku kambini tunabatiza katika shimo tulilolichimba nyuma ya kanisa. Tunalitandikia turubai, vijana wa korali wanabeba ndoo za maji kutoka bombani, na akifika mtu wa mwisho maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Namshukuru Mungu kwa shimo lile, limezaa watu wengi. Lakini birika la saruji, lenye ngazi, lililopakwa rangi ya buluu! Nilikuwa na hamu kama msichana anayeenda harusini, na ndani ya minibasi nilimsumbua kila mtu kwa kuuliza kama tumekaribia.

Mwashi aliyelijenga, kijana Mmalawi mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope, aliniona nimesimama ukingoni. "Agogo," akasema, kwa heshima wanayowapa bibi zao, "gwirani madzi." Yaani niyaguse maji. Nikavua viatu, nikainua kitenge kidogo, nikashuka ngazi huku nimeshika ukuta. Maji ya juu yalikuwa yamepashwa na jua, vuguvugu, ya kumwogesha mtoto mchanga. Ya chini yalikuwa baridi kabisa. Magoti yanasikia joto, nyayo zinasikia baridi! Rafiki yangu, nilipiga kelele. Watu walidhani nimeteleza. Mchungaji wa pale akaja mbio, koti likipeperuka. "Mama shemasi, kuko nini?"

"Hakuna kitu, Pasta," nikamjibu. "Nimefika kwetu."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepigwa na jua. Basi nilirudi Dzaleka jioni ile nikiwa na kijiji kizima ndani ya kifua, na tangu siku ile hakijataka kukaa kimya. Ndiyo maana nakusimulia.

Kwetu ni upande wa Fizi, huko Kongo, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Ukikitazama kijiji chetu ukiwa ndani ya mtumbwi, ungedhani mtu alipanga vinyumba juu ya mkeka mwembamba kisha akausukuma mpaka ukagota ukutani. Ukuta ulikuwa mlima. Ulianzia nyuma ya majiko yetu na kupanda mpaka ukaingia mawinguni. Ziwa nalo lilianzia mbele ya ua. Katikati ilibaki nafasi ya barabara moja, mashamba ya muhogo, michikichi, kanisa, shule, na sisi. Mto mmoja ulishuka kutoka mlimani kwa haraka, ukakikata kijiji, ukaingia ziwani.

Kwa hiyo hatukuwa na habari ya kushoto na kulia. Tulikuwa na upande wa mlima na upande wa ziwa, basi. Mama alisema, "Sogeza sufuria kidogo upande wa ziwa." Mwalimu alisema, "Wewe unayeketi upande wa mlima, acha kusinzia." Mtu alikuambia jino lake la upande wa mlima linamuuma, na akigeuka tu kukusalimu vizuri, jino limehamia ziwani! Mpaka leo, hapa Dzaleka, mahali ambapo ziwa haliko upande wowote, nawaambia wajukuu waweke kiti upande wa ziwa. Wanatazamana, kisha wanakiweka popote.

Na hali ya hewa ya pale! Jua lilitoka ndani ya maji. Lilianza kama kaa la moto ng'ambo, kwenye milima ya nchi nyingine ambayo tuliiona wazi baada ya mvua na kuipoteza kabisa wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa ulipoficha kila kitu. Asubuhi ziwa lilikuwa laini kama mafuta yaliyoganda. Jua likishapanda juu ya michikichi, upepo ulianza kutoka majini, mawimbi yakajikunja, nguo kwenye kamba zikaelekea mlimani. Jioni mlima ulitupa kivuli chake mapema. Kulikuwa bado na mwanga majini lakini sisi tulikuwa tumeshaingia gizani. Kisha hewa baridi ikateremka kutoka juu, ikazigeuza nguo zile zile zikaelekea ziwani. Hatukuhitaji saa. Tulitazama nguo.

Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kulinda ndagala, vile visamaki vidogo vinavyofanana na usipa wa hapa Malawi. Mama zetu waliwatandaza mchangani asubuhi, wakang'aa kama sindano zilizomwagika, na sisi tukakaa na matawi kufukuza kuku, bata na mbwa wa jirani. Harufu yao iliingia kwenye nywele. Mchana tulikula ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese mapya, na kiganja cha ndagala waliokaangwa mpaka wakalia kati ya meno. Juzi nilipita sokoni Tsoka, mjini Lilongwe, kununua uzi wa cherehani, nikapita mbele ya wauza usipa, nikasimama pale mpaka mama muuzaji akaniuliza kama ninaumwa. Siumwi, mama. Nanusa tu.

Sasa nikuletee mtu mwenyewe. Bibi yangu, mama wa baba, tulimwita Koko, kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita bibi na babu. Koko hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa juu mlimani, kule kwenye ukungu, viazi na maziwa, ambako watu hulala na moto kando ya kitanda. Aliolewa akateremka kwetu, akazaa, akazeeka, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia hata kidole cha mguu ndani ya ziwa. Alichota maji mtoni. Alioga mtoni. Jiko lake mlango wake ulitazama mlima, na kigoda chake aliketi akiwa ameligeuzia ziwa mgongo, kama mtu aliyegombana na jirani. Na triko! Alivaa triko, yaani sweta la sufu rangi ya kahawia, la nyumbani kwao, hata siku ambazo sisi watoto tulitembea matumbo wazi na mbuzi walihema chini ya magari.

Ukimuuliza sababu, alikujibu mara moja.

"Mayi ya kwetu inatembeaka," alisema, maana maji sisi huyaita mayi. "Asubuhi unaiona hapa, mangaribi iko mbali, iko na kazi yake. Lakini ile yenu! Inakaa tu pale, inatuangalia. Inawaza nini?"



Kila mtu alimtania, na aliyezidi wote alikuwa jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekausha ndagala kuliko mtu yeyote. "Koko, we unaogopa mayi ya bure," alimwambia. "Yesu mwenyewe alitembea juu ya ziwa!"

"Njo vile," Koko akamjibu. "Yeye alitembea juu. Mi munataka niingie ndani."

Usicheke ukaishia hapo, rafiki yangu, kwa sababu jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Koko alimpenda Mungu. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani na alijua nyimbo zote, beti zote. Lakini kanisa letu lilibatiza kwa kuzamisha mtu mwili mzima, na mahali pa kuzamisha palikuwa ziwani. Mtoni hapakufaa: wakati wa kiangazi maji yalifika kwenye shavu la mguu, na wakati wa mvua yaliviringisha mawe makubwa kama mbuzi. Na asiyebatizwa hakukaribia Meza ya Bwana. Ilipofika Jumapili ya Meza, mchungaji alisema kwa upole, "Wale ambao bado, watupishe kidogo," na sisi watoto tukatoka kwa furaha kwenda barazani. Koko alitoka pamoja nasi. Mwanamke wa mvi, mwenye wana walioketi ndani, alitoka na watoto wenye kamasi, akaketi nasi chini ya dirisha.

Kwetu sisi ilikuwa sikukuu. Alitusimulia habari za chui wa mlimani, akatugawia karanga kutoka mfukoni mwa triko. Lakini ndani walipoanza wimbo wa Meza, aliacha simulizi katikati. Chui alibaki mguu mmoja hewani. Koko aliimba sauti ya pili, polepole, akiutazama mlango uliofungwa, na hakuna mtoto aliyethubutu kumwomba aendelee.

Mwaka mmoja alianza kuchoka. Akipanda kutoka mtoni na ndoo alisimama njiani kuvuta pumzi, na alisema wazi kwamba hamu yake ilikuwa moja tu, kuketi Mezani kabla hajaondoka. Alisema hivyo asubuhi na jioni, kwa baba, kwa mama, kwa kuku. Kisha, mvua za mwisho zilipokuwa zikimalizika, mchungaji alikuja kututembelea, na Koko alikuwa amemwandalia swali.

"Pasta," akasema, "pale mto inaingia mu ziwa, ile mayi ni ya nani?"

"Ni ya Mungu, Mama."

"Ya Mungu, ile najua. Nauliza ni ya mto ao ni ya ziwa?"

Mchungaji alikuwa amesoma Bukavu na alikuwa mtu wa kicheko chepesi.  Akafikiri. "Ni ya yote mbili," akasema mwishoni.

"Basi mutanibatiza pale."

Kijiji kilipata habari kabla mchungaji hajafika barabarani! Jirani yetu alipiga vigelegele, akaja kujionea kama Koko hana homa. Wavuvi walitikisa vichwa. Mlangoni mwa mto ni kina kizuri, walisema, lakini mamba hupenda kulala pale. Wakaahidi kuja na mitumbwi, waipange nusu duara kama ua, na kupiga maji kwa makasia mpaka kila mwenye meno akimbie. Mama alishona gauni jeupe kutoka shuka jipya. Koko alilijaribu, akalisifu, kisha akavaa triko juu yake.

"Mama, hata siku ya ubatizo?" mchungaji akauliza.

"Triko na mi tulitoka pamoja."

Siku ilichaguliwa kwa uangalifu. Ilipasa mto uwe umeshatulia lakini haujakauka, na iwe kabla ya ule upepo mkubwa wa kiangazi unaofanya ziwa lipige ukingo kwa majuma na majuma. Nafasi ile kati ya mvua na upepo ni nyembamba. Ikipita, ni mpaka mwaka mwingine, na Koko alisema hana hakika kama mwaka mwingine ameandikiwa. Ikawekwa Jumamosi, asubuhi na mapema, pamoja na vijana wengine waliokuwa wakingojea ubatizo. Jumapili yake ingekuwa Meza.

Sisi watoto hatukulala mchana wala kukaa. Tulicheza ubatizo kutwa, tukazamishana mpaka wadogo wakalia. Nilikuwa na hamu ya kumwona Koko ndani ya maji kuliko ya kitu chochote nilichowahi kukitamani, na wakati huohuo niliwaza ni nani atatusimulia habari za chui.

Ijumaa alasiri mlima ukawa mweusi.

Mvua ya kwetu ilikuwa na tabia hiyo. Iliweza kunyesha juu kule kwa hasira huku sisi chini tukianika ndagala kwenye jua kali. Hatukupata hata tone. Kwanza ilikuja harufu, udongo uliolowa, kisha sauti, mawe yakigongana ndani ya mto kama watu wanaohamisha vyombo. Koko alisimama mlangoni mwa jiko lake akiutazama mlima wake, mikono ndani ya triko. 

Kulipopambazuka, mto ulikuwa mwekundu. Ulibeba migomba mizima na matawi. Pale ulipozoea kuingia ziwani kulikuwa na msukosuko wa povu na vigogo, na wavuvi hawakujaribu hata kusogeza mtumbwi. Mchungaji alikuja kwa Koko, suruali imekunjwa, uso umejaa huruma.

"Mama, pale haiwezekani leo. Uingie na wenzako hapa mbele ya kanisa, mu ziwa. Ao tungojee mwaka kesho."

Koko aliyatazama maji mapana, yametulia, yanameremeta, hayaendi popote. Akatikisa kichwa. "Nitangojea, Pasta."

 Jirani yetu, yeye wa sauti ya kengele, alimshika mkono. Koko akaenda kuketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, na gauni lake jeupe na triko lake, akaligeuzia ziwa mgongo kama siku zote. Sisi watoto tukamzunguka. Nyuma yetu korali ikaanza kuimba, wavuvi wakapanga mitumbwi yao hapo, na kijana wa kwanza akaingia majini.

Akatoka anatetemeka. "Baridi!" alisema, meno yakigongana. "Mama yangu, baridi!"

Watu wakacheka, wakidhani ni woga. Akaingia wa pili, binti mwenye nguvu, mwuza mawese. Akatoka amejikumbatia. "Haki ya Mungu, ni baridi kweli!"

Hapo wenyeji wakaanza kutazamana. Ziwa letu asubuhi huwa na joto kuliko hewa. Mwingine akaingia, akapiga mayowe kabla hata ya kuzamishwa. Na Koko, rafiki yangu, Koko akageuza kichwa. Sikuwa nimewahi kumwona akigeuza kichwa upande ule.

Tukageuka wote. Kando ya ukingo, kutoka upande wa mto, maji mekundu yalikuwa yakija polepole, yakiufuata mchanga kama mchuzi unaoenea pembeni mwa sahani. Mvuvi mmoja akakimbia kwenda kuangalia, akarudi akipunga kasia. "Mto imepasua mchanga!" akapiga kelele. "Imepasua usiku! Imefungua mulango ingine, upande wa kanisa!" Kumbe nusu ya mto ilikuwa inashuka na vigogo vyake palepale pa zamani, na nusu nyingine ilikuwa imetafuta njia yake ya utulivu, ikaja kumwagika mbele ya kanisa, mahali mchungaji alipokuwa amesimama maji yakimfika kiunoni.

Koko alikuwa amesimama. Alishuka mchangani bila kushikwa na mtu, akafika ukingoni, akavua kandambili. Akatia mguu.

 

"Hii ni ya kwetu," Koko akasema.

Akaingia! Hakungoja kuitwa. Alikwenda mbele kama mwanamke anayekwenda sokoni, maji magotini, maji mapajani, gauni jeupe likivimba nyuma yake. Mashemasi wakamkimbilia, maji yakiruka. "Mama, ngoja! Mama, bado maombi!"

"Nimengojea ya kutosha!" akajibu bila kugeuka. "Pasta, fanya upesi, mayi hii inatembeaka! Itapita!"

Mchungaji alicheka mpaka akashindwa kutamka vizuri maneno ya ubatizo, kisha akayatamka, na machozi yanamtoka. Wakamzamisha. Rafiki, triko lile la sufu lilikunywa maji kama ng'ombe. Walipotaka kumwinua hakuinuka, na kwa muda mfupi tuliona mikono tu ya mashemasi ikitafuta mahali pa kushika. Mvuvi wa karibu akaruka kutoka mtumbwini kusaidia. Akatoka Koko, mvi zimelala usoni, mikono ya triko imerefuka inaning'inia chini ya vidole. Akavuta pumzi.

"Iko baridi," akatangaza kwa kijiji chote, "kama kwa mama!"

Korali ilikuwa imesahau kuimba. Jirani yetu ndiye aliyeanza, vigelegele vya kupasua masikio, kisha akaingia majini na kitenge chake kizuri kumkumbatia, na nyuma yake wanawake wote, na sisi watoto, na bata. Wavuvi walipiga maji kwa makasia si kwa ajili ya mamba tena. Jua likapanda juu ya michikichi na upepo ukaanza kuvuma kama kawaida yake, na kila tulipogeuka tulipigwa joto huku na baridi kule, maji mawili yakitupita miguuni kwa pamoja. Hayo ndiyo uliyoyakumbuka mguu wangu kule Area 25.

Jumapili mchungaji alisema maneno yake ya upole, wale ambao bado watupishe. Tukainuka. Na Koko, kwa mazoea, akainuka nasi!

Jirani akamvuta gauni. "Kaa chini, Koko! Unaenda wapi?"

Kanisa zima lilicheka, hata waliokuwa na nyuso za Meza. Koko akaketi, akajiziba mdomo kwa mkono. Sisi tukaenda barazani peke yetu. Hakukuwa na chui wala karanga. Nilipanda juu ya jiwe, nikachungulia dirishani, nikamwona akipokea mkate kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa wakwe zake. Alipotoka tulimvamia.

"Koko, mukate ya Meza iko na ladha gani?"

"Ya mukate," akasema. Akatembea kidogo. "Lakini mutu anakula akiikala." Yaani ameketi Mezani.

Hakuingia ziwani tena. Ubatizo ni mmoja, alisema, na triko lilichukua muda mrefu mno kukauka. Ila kigoda chake kilibadilika. Alikigeuza ubavu, mlima bega moja na ziwa bega jingine, na jioni nilimwona akiyatazama yale maji kwa jicho la pembeni, kama unavyomtazama mgeni ambaye sasa umejua ukoo wake.

Alilala katika Bwana kabla ya vita kututawanya, na huo nauhesabu kuwa wema wa Mungu. Tulimzika chini ya michikichi, nyuma ya kanisa, karibu na ziwa. Baadaye sisi wengine tuliondoka na tulichoweza kubeba, nchi baada ya nchi, mpaka tukafika hapa Dzaleka, kwenye udongo mwekundu na upepo mkavu, ambapo mwezi wa sita na wa saba yanakuja yale manyunyu baridi wanayoyaita chiperoni, nami navaa triko langu na wajukuu wananicheka. Nimezeekea hapa. Nimesoma neno la Mungu hapa, nimeshona sare za korali hapa, nimezika na nimeozesha watoto. Sina malalamiko.

Lakini ule mkeka mwembamba unaisha, rafiki yangu. Waliobaki kule wanasema ziwa limepanda. Limechukua uwanja wa kuanikia ndagala, limechukua mstari wa kwanza wa nyumba, na shule inaonekana paa tu. Watoto wa sasa hawachezi pale tulipochezea, kwa sababu pale ni kina. Nguo wanazianika upande wa pili wa barabara. Nikifumba macho kila kitu kiko mahali pake. Nikifungua simu, mjukuu mmoja wa dada yangu, kijana aliyebaki kule, ananitumia picha ya maji.

Wiki iliyopita alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetumwa na wazee. Maji yamepita kanisa, alisema, yameanza kulamba mizizi ya michikichi nyuma yake. Ukoo umekaa, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki, wanataka neno langu. Wamfukue Koko, wampandishe juu mlimani kwao, kungali mapema? Vijana wako tayari na majembe. Kila mtu anajua jinsi alivyoogopa ziwa.

Nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba, ugali ukipoa.  Nilimwuliza habari za mvua, za muhogo, za watoto. Kisha nikamwuliza, "Na mto je? Ingali inaingia mu ziwa?"

"Mto?" Akacheka. "Inaingia, Koko. Itaenda wapi tena?"

"Basi muacheni."